Maji Niliyoyamwaga Mbele ya Gari Jekundu

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika imetunyeshea tukitoka kanisani, na leso yangu mpya imechuja rangi hadi kwenye gauni. Siku nyingine ningelia. Leo nimecheka njia nzima, kwa sababu Arnold ametangaza mbele ya watu kwamba ananunua gari.

Arnold ni mwanangu. Ni injinia wa winchi za bandarini. Zile winchi ndefu unazoziona ukiwa Likoni zimesimama kama twiga, zikiugua ni yeye anayepanda juu kuzitibu. Mimi Mbodze, mpika mahamri na mbaazi wa Kibokoni, niliyeishia darasa la saba, nimezaa injinia. Hata shajara hii imetoka kazini kwake, ina jalada zuri kuliko Biblia yangu. Kaniambia, "Mama, andika humo habari zako." Haya, naandika zake.

Gari lenyewe hajachagua. Yako mawili, yote kwa Zakariya, kijana wa papa hapa Kibokoni mwenye yadi ya magari kule Ganjoni. Mifupa ya Zakariya imekua kwa mahamri yangu, kwa hivyo hawezi kuninyima kitu. Amesema Arnold ayachukue moja moja, aende nalo kazini, sokoni, kanisani, kama gari lake, ndipo aamue. Na si magari ya hivi hivi. Ni magari ya mbio na ya porini, ya kuruka matuta ya mchanga na kupanda majabali. Mkewe, Mwende, akamuuliza, "Na wewe kutoka Tudor hadi bandarini utaruka tuta gani?" Arnold akacheka tu. Kisha akanigeukia.

"Mama ndiye atakayesema. Atakalolitaka yeye, ndilo."

Mwende alitangulia njia. Ni mkaza mwana mzuri, Mkamba wa Machakos, amenizalia mjukuu akampa jina langu bila kubembelezwa. Lakini niliona alivyotangulia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Unga haukuumuka vizuri. Nimeyauza mahamri yote vile vile.

Alhamisi, 10 Aprili

Limekuja jekundu.

Ni pikapu ya Kimarekani ya milango minne, pana kama ukumbi, magurudumu yanifika kiunoni. Kichochoroni haliingii hata ulisukume. Arnold aliliacha pale mwisho, kwenye uwazi panaposhushwa mifuko ya simiti, na watoto wa Kibokoni nzima wakaja kulitazama. Ndani kuna kidude cha kuzungusha: hapa matope, hapa mchanga, hapa mawe, na hapa mbio za jangwani. Likiwashwa, vioo vya Bi Shamsa jirani yangu wa chini vinatetemeka.

"Mama Baya," aliniambia akiwa dirishani, "hiyo ni gari au mmehamia nyumba?"

"Ni gari ya mwanangu, shoga. Ukitaka kupanda uje na ngazi yako."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka pia, kisha kicheko kikaniishia mdomoni, maana nililitazama tena lile gari na nikalitambua.

Naitwa Mama Baya kwa sababu kifungua mimba wangu alikuwa Baya. Alikuwa dereva wa trela, Mombasa kwenda Malaba. Picha ya gari kama lile, jekundu vile vile, aliikata kwenye gazeti akaibandika juu ya kitanda walicholala yeye na Arnold, na kila siku alimwambia mdogo wake, "Hili ni letu, linachelewa tu kufika." Imetimu miaka minane tangu trela lake lipinduke Taru, katika masika kama haya.

Kwetu Rabai kitu kipya kikija nyumbani, wa kale huambiwa. Sisi ni Wakristo tangu babu wa babu, lakini hilo hatukuliacha na hakuna mchungaji aliyeuliza. Arnold alipokuwa juu anakula, nilishuka na maji katika kifuu cha nazi, nikayamwaga mbele ya gurudumu, upande anaokaa abiria, nikiwataja mmoja mmoja. Wazee wote niliwaambia, "Libarikini." Nilipofika kwa Baya, ulimi ukateleza. Nilimwambia, "Njoo uone."

Ijumaa, 11 Aprili

Arnold auliza ni nani aliyekisogeza nyuma kiti cha mbele. Mwende ndiye aliyekaa pale jana jioni, na Mwende miguu yake haifiki sakafuni. Nimesema sijui.

Baya alikuwa mrefu kama mlingoti.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Tumekwenda kanisani kwa jekundu. Goti langu hili halipandi mlima, kwa hivyo Arnold huniwekea kigoda, mimi napanda kwa kigoda kama bibi harusi, na wakinamama wote wa kanisa wakitazama. Niliwapungia kitawi. Mungu anisamehe kwa majivuno, lakini kama hakutaka nijivune asingenipa injinia.

Mwende alikuwa na mafua akabaki nyumbani. Mimi nilikaa nyuma na mjukuu. Mbele, pembeni mwa Arnold, hapakuwa na mtu. Tulipofika Bondeni gari likaanza kulia: ti, ti, ti, ti.

"Mama, umeweka mkoba huku mbele?"

"Mkoba ninao mapajani."

"Linadhani kuna mtu hapa hajafunga mkanda."

Liliendelea kulia, kwa sauti ndogo kama kifaranga. Arnold alipapasa kile kiti, akakuta kitupu. Mwishowe aliuvuta ule mkanda akaufunga juu ya kiti kitupu, na gari likaridhika.

Baya hakuwahi kufunga mkanda maishani mwake. Aliufungia nyuma ya mgongo, gari linyamaze, akasema mikanda ni ya waoga. Arnold alilijua hilo, nami nalijua. Hadi kanisani hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumanne, 15 Aprili

Marikiti kwa jekundu, kununua nazi na kunde. Tumeziba njia nzima. Wachukuzi wenye mikokoteni wakatupigia kelele, "Mama, meli hufunga Kilindini, si hapa!" Mmoja akaguswa mgongoni na kioo cha gari akageuka na kusema, "Shikamoo, basi." Nilicheka sana. Kule mbele mkanda ulikuwa umefungwa tena juu ya kiti kitupu. Siku hizi Arnold aufunga kabla ya kuwasha.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Arnold alikuja baada ya ibada, akala, akalala kwenye mkeka wangu kama alivyolala utotoni. Ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika, jua limetoka na mawe ya njia yanafuka mvuke. Watu wamejifungia. Nilichukua ufunguo na kigoda nikaenda kukaa ndani ya lile gari.

Nilikaa nyuma ya kile kiti cha mbele. Sikukigusa. Baada ya kitambo kidogo nikasikia harufu ya ndimu.

Baya akitoka safari alikuwa ananawa mikono kwa ndimu, kuondoa grisi, kabla hajagusa sahani yangu. Ndimu juu, dizeli chini yake. Harufu hiyo nilikuwa nimeisahau, na sikujua kama nimeisahau hadi iliponijia. Vioo vilikuwa vimefungwa. Pale nje hakuna mndimu, kuna ukuta na paka.

Basi nikazungumza. Nilimwambia yote: kwamba Arnold amekuwa injinia, kwamba ameoa, kwamba kuna Mbodze mdogo mwenye masikio yake yeye Baya, kwamba Bi Shamsa bado hajarudisha sufuria yetu. Nilizungumza hadi jasho likanitoka. Niliposhuka nilikuwa mwepesi. Sijawahi kuwa na Ijumaa Kuu ya furaha namna ile, na nimeona haya kuiandika.

Jumanne, 22 Aprili

Jekundu limerudi kwa Zakariya. Limekuja la pili.

Hili ni la Kiingereza, la kijivu, la mraba kama kabati la nguo. Nalo lina nguvu: pale Daraja la Nyali Arnold alilikanyaga kidogo tu, moyo wangu ukabaki nyuma Tudor. Lakini lina adabu. Ukifungua mlango linapiga magoti. Kweli, linashuka lenyewe, kama ngamia, hadi goti langu likaingia bila kigoda. Kichochoroni linaingia hadi mlangoni petu. Kiti cha mtoto kinakaa barabara. Mwende alilipapasa kama mtu anayepapasa kitambaa dukani, akasema, "Mama, hili ni la kila siku."

Nilikaa kiti cha mbele, nikafunga macho, nikangoja.

Lilinukia sabuni.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kubwa. Makupa kumejaa maji, magari madogo yamezima njiani kama sufuria. La kijivu limepita hata halikukohoa. Ni gari zuri. Silipendi.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimempigia simu dada yangu Kadzo aliyeko nyumbani Rabai. Nilitaka tu kujisifu. Nikamsimulia magari, na nilipofika kwenye jekundu nikamwambia kwamba nililimwagia maji kama ilivyo desturi, na kwamba Baya ameitika. Nilidhani atafurahi.

"Limeshalipiwa?" akauliza.

"Bado. Lajaribiwa."

Nikamsikia akiweka chini kitu cha bati.

"Wee Mbodze. Umemwita mtoto kwenye gari la mtu?"

"Ni la Zakariya, si mtu baki."

"Zakariya ana kaburi kwetu? Maji humwagwa kwa kitu chako, mlangoni pako. Aitwaye hukaa alikoitiwa. Zakariya akiliuza kwa mtu wa Kisumu, mwanao aenda Kisumu. Akiliuza Uganda, aenda Uganda, akakae kwa watu wasiojua hata jina lake."

"Dada, usinitishe."

"Nani akutisha? Linunueni, basi, yaishe."

Nimekaa na mbaazi jikoni hadi zimeungua.

Ijumaa, 2 Mei

Arnold amekuja. "Mama, nimeyaendesha yote. Sema."

Nikasema, "Jekundu."

Uso wake ulifunguka kama wa mtoto. Mwende alikuwa anamnyonyesha mjukuu. "Mama," alisema polepole, "na goti lako?"

"Goti langu ni langu."

"Na kichochoro? Na mafuta? Lile linakunywa kuliko harusi nzima."

"Mwende, mwanangu ameniuliza mimi."

Sijawahi kumjibu hivyo. Alifunga vifungo vya blauzi, akamweka mtoto begani, akaenda kusimama dirishani. Zakariya amesema wakachukue jekundu walitumie, karatasi zikikamilika atawaita.

Jumatano, 7 Mei

Ndimu tena. Nilikuwa karibu na gari tu, sikuingia.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika asubuhi ya Jumapili yaliyotokea jana. Jana mkono haukuweza.

Tulikuwa twende Rabai kumsalimu Kadzo na kumwonyesha gari. Mvua nyembamba, ya kuendelea. Arnold na Mwende mbele, mimi na mjukuu nyuma. Hadi Changamwe Arnold alikuwa Arnold. Yeye huendesha kama anavyokula, bila haraka, anamaliza kila kitu.

Baada ya Miritini akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje, kwenye mvua. Akazungusha kile kidude hadi mwisho. Gari likabadilisha sauti. Tukaanza kuyapita matrela, moja, jingine, kwa upande ambao sikuuona mwisho wake. Ti, ti, ti, likaanza. Safari hii lilikuwa linamlilia yeye: alikuwa hajafunga mkanda.

"Arnold, mkanda," Mwende akasema.

Akauvuta, bila kutazama, akaupitisha nyuma ya mgongo, akaufunga huko. Tak. Mara moja, kwa mkono uliozoea. Arnold alikuwa shule ya bweni wakati kaka yake akiendesha trela, hakuwahi kupanda naye hata siku moja.

"Arnold, mtoto yuko nyuma," nikasema. "Polepole, baba."

Akacheka. Akasema, "Mayo, tulia."

Mayo ni mama kwa lugha ya kwetu. Arnold tangu aanze chekechea ananiita Mama. Aliyeniita Mayo ni Baya peke yake.

Hapa niandike kama ilivyokuwa. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilikaa nyuma ya gari lile nimeshika mtoto wa Arnold, Arnold anaondoka mbele ya macho yangu, nami nilifurahi kwamba nimeitwa Mayo. Nilitaka aseme tena.

Tulipokaribia Mazeras palikuwa na trela limekwama, limelala kwa kukingama barabara. Mwende alipiga kelele. Breki zikashika, gari likaenda ubavu ubavu, nikaiona ile bodi ya chuma nyuma ya trela ikija kwenye kioo, namba zake, tope lake, kamba ya turubai inayoning'inia. Tukasimama. Kama Mwende angetoa mkono dirishani angeigusa.

Mjukuu hakulia mwanzoni. Kisha akalia.

Arnold aliitazama mikono yake kwenye usukani. "Mama," akasema, na sasa ilikuwa Mama, "tumefikaje hapa?" Hakumbuki. Anakumbuka Miritini, anakumbuka mvua.

Mwende alishuka, akamchukua mtoto mikononi mwangu. Alisimama kwenye mvua hadi tuktuk ikapita, akapanda, akarudi mjini. Arnold hakumzuia. Alikuwa bado anaitazama mikono.

Kurudi, nilikaa mbele ili asiwe peke yake. Nilipokalia kile kiti, kilikuwa cha moto. Mwende ni mtu mdogo, na mlango ulikuwa wazi kwa mvua muda wote ule. Lakini kilikuwa na joto kutoka juu hadi chini, mahali pote ambapo mtu mrefu angeegemea.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 14 Mei

Mwende amekuja peke yake, mtoto mgongoni. Nilimpa chai hakunywa.

"Mama, nakuheshimu. Wewe ndiye umenipokea pwani hii. Nisikilize bila kukasirika."

"Sema, mwanangu."

"Arnold ananawa kwa ndimu. Siku hizi hashiki grisi, ana vijana wa kushika. Lakini kila akirudi, mlango kwanza, halafu ndimu. Anaweka miguu juu ya meza. Anapiga mluzi. Nikimwita jina lake anachelewa kuitika, kama linamtokea mbali." Akamtikisa mtoto mgongoni. "Tena yeye mwenyewe anaogopa. Jana amenikumbatia akaniambia, 'Nishike.' Tu hivyo. Mama, huyo kaka yake sikumjua, na wote waliomjua wanasema alikuwa mtu wa watu. Mungu amlaze. Lakini mimi sikuolewa na Baya."

Nilitaka kumwambia habari za maji. Nilichoweza ni kumshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko chai.

Tangu azaliwe Arnold nimekuwa nikijisifu kwamba nina watoto wawili. Leo nimeona kwamba kwa gari hili nitabaki na mmoja, na huyo mmoja si yule anayepumua.

Alhamisi, 15 Mei

Nilimwita Arnold alipotoka kazini. Alikuja kwa miguu kutoka kwenye uwazi, anapiga mluzi kichochoroni, na Bi Shamsa akaniambia baadaye kwamba aliacha alichokuwa anapika akatoka mlangoni, kwa kuwa mluzi huo aliujua.

"Chukua la kijivu," nilimwambia kabla hajaketi.

"Mama, si ulisema—"

"Nilisema. Sasa nasema la kijivu. Nirudishie jekundu kwa Zakariya, leo hii, kabla maghribi haijaadhiniwa."

Akasimama ananitazama. Mwanzoni macho yalikuwa ya mtu mwingine, ya utani, ya mtu anayejua kwamba Mayo hawezi kumnyima. Nikayatazama vile vile. Nikasema, "Arnold. Arnold. Arnold, mwanangu," hadi yakawa yake. Kisha akaketi chini kwenye sakafu akalia kwa sauti, mtu mzima, injinia.

"Mimi nilidhani wewe unalitaka kwa ajili ya Baya," alisema alipoweza. "Nami nilikuwa nalitaka kwa ajili yako. Nililiogopa tangu siku ya kwanza, Mama."

Jumamosi, 17 Mei

La kijivu limelipiwa. Mwende alileta keki.

Jumatatu, 19 Mei

Zakariya kapita kunywa chai barazani. "Mama Baya, jekundu limepata mwenyewe. Kijana wa Nakuru, anaitwa Tony, atalichukua Alhamisi hii." Akaniangalia. "Mbona uso umekushuka? Si mmepata lenu?"

"Lina kasoro, mwanangu. Lile la kulialia mkanda."

"Ah, ni unyevu tu huo. Masika haya hata redio za watu zinaumwa."

Nakuru. Baridi. Baya hakupenda baridi.

Jumanne, 20 Mei

Sijapika leo. Watu wamebisha, nikawaambia naumwa.

Alhamisi, 22 Mei

Asubuhi nilivaa gauni la kanisani, nikachukua chupa ya maji ya bombani kwangu, kifuu, na mahamri kwenye kitambaa, nikaenda Ganjoni. Tony ni kijana mnene mwenye heshima, kofia ya kichwani ameivua aliponiona.

"Mwanangu, njia yako ni Mazeras. Nipe lifti hadi kwetu Rabai, si mbali na barabara."

"Hakuna shida, mathe. Uko peke yako?"

"Nampeleka mwanangu nyumbani."

Alitazama huku na huku, hakuona mtu, akadhani tutamkuta njiani. Zakariya aliniwekea kigoda. Nilikaa nyuma. Kabla hatujatoka getini, ti, ti, ti, ti, na Tony akasema, "Ala, imeanza tayari?" Nikainuka, nikapenyeza mikono katikati ya viti, nikauvuta mkanda, nikaufunga juu ya kile kiti taratibu, kama nilivyokuwa nikimfungia Baya vifungo vya shati la shule. Likanyamaza. Tony alinitazama kwenye kioo. Hakuniuliza. Mahamri yalikuwa yananukia.

Njia nzima niliongea kwa Kirabai, sauti ya chini. Kijana wa watu alidhani nasali, akazima redio. Nilimwonyesha Baya kila kitu kinachopita: Changamwe, reli mpya, Miritini, pale Mazeras lilipokuwa trela. Nilimwambia amenifurahisha kuja, na kwamba kosa ni la aliyemwita, si la aliyeitika.

Njia ya kupanda Rabai ilikuwa tope tupu. Tony akazungusha kidude, gari likapanda kama mbuzi, na kwa mara ya kwanza niliona kazi liliyoumbiwa. Nilimwambia asimame nyuma ya nyumba ya babangu, penye minazi, makaburi yetu yalipo. Hapo ndipo alipoelewa. Akazima injini akashusha macho kwenye mahamri.

Nilishuka, goti na yote. Nikafungua mlango wa mbele. Nikaufungua mkanda. "Baya," nikasema, "tumefika. Teremka."

Mvua ilikuwa inapiga majani ya minazi. Nilisimama nimeshika mlango, kama ninavyomshikia mgeni. Harufu ilikuja, ndimu, karibu sana na uso wangu, ikapita. Nikatembea nayo hadi kaburini. Nikamwaga maji pale, kwenye mahali pake mwenyewe, nikawataja wazee wampokee, na yeye sikumwambia njoo uone. Nilimwambia, "Kaa."

Kisha nikarudi kwenye gari, nikabonyeza kile kitufe cha kiti hadi kikasogea mbele mwisho wa mwisho, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kuingiza magoti. Hakuna mama anayepaswa kufanya hivyo.

"Mathe, pole," Tony alisema.

"Ahsante. Funga mkanda, wewe, uende salama."

Akaondoka. Nilisikiliza hadi chini kwenye lami. Injini tu. Hakuna kilicholia.

Kadzo, niliyemwambia jana kwamba nakuja, alikuwa amempigia simu Arnold, na kabla sijaondoka pale nikasikia gari jingine likipanda tope. La kijivu. Lilisimama mbele yangu, likapiga magoti. Arnold alishuka mbio.

"Mama! Umekuja na nani huku kwenye mvua hii?"

"Na kaka yako."

Aligeuka akalitazama kaburi, maji bado yanaingia kwenye udongo. Alivua kofia akaenda pale, akasimama peke yake, na mimi sikumfuata, kwa sababu yale yalikuwa yao. Aliporudi, macho mekundu, alinishika kiwiko akanipandisha, akanifunga mkanda yeye mwenyewe.

"Twende, Mama?"

"Twende. Mwende anangoja."

Tuliteremka polepole, jinsi Arnold anavyoendesha. Nyuma yetu mvua ilikuwa inamnyeshea mwanangu, na mimi sikugeuka.